Kuna mtu ashawahi kutumia hiki kidude cha kupima sukari kwa mate? Mama yangu vidole vimechoka

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma hapa, umeme umekatika tangu saa kumi na simu ina chaji asilimia 20, kwa hiyo mkiona nimepotea msidhani nimeukimbia uzi wangu.

Iko hivi, mama yangu ana sukari huu mwaka wa nane. Anauza dagaa kule mwaloni Kibirizi, kazi yake ni kuanika, kugeuza, kupepeta, kufunga kwenye magunia, mikono yake ukiishika gizani unaijua, imepasuka na mchanga na jua halafu ncha za vidole zina sugu kama za seremala. Mashine ya kupimia tulimnunulia mwaka juzi na stripu namletea kila mwezi. Sasa akitoboa kidole cha kwanza damu haitoki, anakamua weee haitoki, anatoboa cha pili, ikitoka ni katone kadogo mashine inaandika erori, na stripu ndo imeshaenda hivyo.

Juzi nimegundua kitu kimeniuma sana. Daftari lake la kliniki limejaa vizuri, kila asubuhi kuna namba, 6.2, 6.4, 6.1, 6.2 tena. Nikafurahi nikasema bi mkubwa kajituma. Halafu nafungua kopo la stripu nililomletea mwanzo wa mwezi nakuta zimetoka tatu tu. Yaani alikuwa anatunga! Anakaa na kalamu asubuhi na chai yake anajiandikia sukari anayoipenda. Sijamwambia kwamba najua, nimeshindwa hata pa kuanzia.

Sasa kwenye grupu moja la wasap kuna jamaa anauza kitu kama ile kinga ya meno wanayovaa mabondia, anasema unaing'ata dakika moja, inasoma mate, inatuma majibu kwenye simu, sukari, presha hadi kolestro. Bei laki tatu na nusu, unatuma hela yote kwanza mzigo unapanda basi Dar. Katuma na klipu ya wazungu wamevaa makoti meupe wako maabara wameshika kitu hichohicho kabisa. Hela naweza nikaungaunga. Swali langu ni moja, hii kitu ipo kweli au napigwa? Na kama ipo inaaminika kiasi gani kwa mtu anayemeza dawa?

Chizi wa Kasulu

Laki tatu na nusu kwa ajili ya mate? Bibi yangu alikuwa anakutemea mate ya baraka bure na safari unafika salama 😂

Maabara Tu

Mwangaluka wakuu, mimi nipo Tabora na kazi yangu ndo hiyo ya vipimo miaka 11 sasa. Nitaandika kirefu mnisamehe, maana hapa kuna ukweli umechanganywa na uongo kwenye sufuria moja.

Ukweli ni kwamba mate yanapimika. Mtu mzima anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu ya mate kwa siku, karibu yote ni maji, asilimia 99 hivi, lakini kile kidogo kinachobaki kimebeba habari nyingi za mwilini kwa sababu tezi za mate zinachota malighafi yake kwenye damu. Homoni ya kotisoli ile ya msongo inapimwa kwa mate hospitali kubwa huko duniani na madaktari wanaitegemea. Na hata hapa kwetu si mnajua kile kipimo cha kujipima virusi vya UKIMWI mwenyewe, unapitisha kijiti kwenye fizi juu na chini unasubiri dakika 20? Sheria yetu ilirekebishwa 2019 ndo watu wakaruhusiwa kujipima wenyewe. Kile kinatafuta kingamwili kwenye majimaji ya fizi, na bado kikionyesha una maambukizi unaambiwa nenda kituoni ukathibitishe kwa damu. Kwa hiyo mtu akikwambia mate hayana maana mkatalie.

Ila sukari ni mnyama mwingine. Damu ikisoma 5 mate yanaweza yakasoma 0.1 au chini ya hapo. Yaani unatafuta kitu ambacho ni kidogo karibu mara mia, halafu unakitafuta ndani ya mdomo, mahali ambapo mtu anapitishia chai ya sukari, ndizi, embe, muwa. Ngoja niwape mfano. Msimu wa maembe huku Tabora si mnaujua, embe liko kila kona hadi ng'ombe wanakinai. Siku moja kaja mama wa watu kupima, mashine ikasoma 19. Kapauka mwenyewe, mimi pia nimeshtuka maana wiki iliyopita alikuwa 7. Nikamuuliza mama umekula nini, akasema embe, hapo benchi nikisubiri zamu yangu. Nikaangalia vidole, vinanata. Nikamwambia nenda kaoshe kwa sabuni ukaushe vizuri, nikatoboa kidole kingine, 7.4. Lile embe lilikuwa kwenye ngozi siyo kwenye damu.

Sasa kidole unakiosha bombani. Mdomo utauoshaje? Ukisukutua umeyazimua mate, usiposukutua unapima embe. Hapo ndo shida yote ilipokaa.

Ongeza na hili, sukari ikipanda kwenye damu inachukua muda mpaka ionekane kwenye mate, kwa hiyo unachosoma ni habari ya nyuma. Ongeza tena kwamba wagonjwa wa sukari wengi hasa watu wazima mdomo unakauka, mate yenyewe ya kupima yanakuwa ya shida. Na fizi zikiwa zinavuja damu, jambo ambalo wenye sukari wanalipata sana, ile damu inaingia kwenye mate na kuharibu hesabu nzima.

Kifupi mtoto wa Kibirizi, usitume hela. Na presha kwa mate ndo kabisaaa, presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, mate yanajuaje msukumo?

Fundi Rejista

Mkuu wa maabara kamaliza upande wake, mimi ni fundi simu hapa Mwanga niongezee upande wa ndani wa kidude, maana hiyo klipu naijua na nahisi jamaa kaiokota tu mtandaoni akaiba.

Kuna profesa anaitwa Joseph Wang, Chuo Kikuu cha California San Diego, yeye na timu yake ndo walitengeneza hiyo kinga ya meno yenye sensa (siyo ile sensa ya kuhesabiwa na makarani, hii ya umeme). Ya kwanza walitoa 2014, ilikuwa inapima lakteti, kile kitu kinachozidi mwilini mwanamichezo akichoka. 2015 wakatoa ya asidi ya yuriki yenye blutuzi ndani. 2019 wakaweka ya sukari kwenye ile chuchu bandia ya kunyonya watoto wachanga. Kwa hiyo hao wazungu wa kwenye klipu siyo waigizaji, ila ile ni kazi ya maabara, siyo bidhaa ya dukani.

Inavyofanya kazi siyo uchawi. Unakuwa na kipande kimechapwa njia za umeme kama unavyochapa tisheti, juu yake unapaka kimeng'enya, yaani protini inayochochea kitu fulani kivunjike. Cha sukari kinaitwa glukosi oksidezi, kikikutana na sukari kinaivunja inatoka haidrojeni peroksaidi, ile peroksaidi ikigusa njia ya umeme inaachia mkondo mdogo sana, mkondo ukiwa mkubwa sukari nyingi, mkondo ukiwa mdogo sukari kidogo. Hata ile stripu ya mama yako ni ukoo huohuo, kimeng'enya na umeme. Tofauti ni kwamba stripu inafanya kazi sekunde chache unatupa. Kwenye mdomo unataka kikae masaa, kwenye joto, unyevu, meno yanasaga, ulimi unasukuma, na mate yana protini zinazokwenda kujibandika juu ya sensa kama ukoko kwenye sufuria ya ugali, kila dakika inayopita inakuwa kipofu zaidi. Mimi simu ikidondokea ziwani masaa mawili tu naletewa imeshaota kutu, sasa fikiria kitu kinaishi ndani ya mate.

Wajapan kule Tokyo walihangaika na shida nyingine, 2020 wakaipaka sensa yao utando wa selulosi asetati unaozuia vitamini C na asidi ya yuriki visipite maana navyo vinatoa umeme wa uongo. Akili kubwa. Ila bado ni karatasi za kisayansi.

Iliyonifurahisha mimi zaidi ni ya chuo cha Tufts, Marekani, 2018. Kile ni kibandiko cha milimita 2 kwa 2, kinabandikwa juu ya jino, hakina betri wala waya! Kinafanya kama ile kadi ya kugusisha kwenye mashine, unakirushia mawimbi ya redio chenyewe kinajibu, na jibu linabadilika kutegemea katikati yake kumenyonya nini, chumvi, sukari au pombe. Pombe wakuu. Walevi wa Mwanga mjiandae.

Chizi wa Kasulu

Fundi hiyo ya pombe ikifika Kigoma mke wangu asiione

Tumbaku Kavu

Mimi naongelea kupigwa kwa sababu nimepigwa. Nipo Urambo. Baada ya mauzo ya tumbaku nikasema sasa najijali, nikanunua saa ya mkononi kwa muuzaji mmoja wa kupita, elfu 65, inapima kila kitu mpaka sukari bila kutoboa. Wiki nzima nilikuwa mtu wa maana, kila mtu pale kijiweni nampima, wewe 5.1, wewe 5.6, wewe punguza soda. Basi kijana wangu wa fomu two akaichukua akaivalisha ndizi mbivu. Ndizi ikasoma mapigo 78 na sukari 5.4. Ndizi mzima wa afya kabisa! Akaivalisha na chupa ya chai, nayo haina kisukari. Nilikaa kimya siku hiyo sikula hata chakula cha jioni vizuri.

Baadae ndo nakuja kusoma kwamba hata Marekani, ile mamlaka yao ya chakula na dawa FDA ilitoa tahadhari Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yoyote. Sasa kama kwao haijapita, hiyo ya kupanda basi imepitia wapi?

Ushauri wangu mwambie jamaa akutumie video anaipima ndizi 😅

Mzee wa Gungu

Vijana mnapita tu hata shikamoo hamna, haya marahaba.

Mimi shida yangu siyo sukari, ni gauti. Aliyewahi kuipata anajua, kidole gumba cha mguu kinaamka saa nane za usiku kimewaka moto, shuka likikigusa unaona kama umeangushiwa tofali, hata mjukuu akipita karibu na kitanda unamfokea kwa upepo wake tu. Daktari kaniambia punguza dagaa, punguza maini, acha bia. Nikamwambia daktari wangu mimi ni mtu wa Kigoma, ukiniondolea dagaa unanibakizia nini, mawese matupu? Sasa huyu fundi kasema kuna ya asidi ya yuriki, ndo hiyohiyo inayonitesa au nimesikia vibaya? Maana mimi nalazimika kwenda kutolewa damu kila baada ya muda, na mishipa yangu inajificha, muuguzi ananipiga piga mkono kama anatafuta mgebuka kwenye wavu.

Maabara Tu

Shikamoo mzee, tuwie radhi.

Umesikia sawasawa, ndo hiyohiyo. Asidi ya yuriki inatokana na mwili kuvunja vitu vinaitwa purini, na dagaa ni matajiri wa purini kwelikweli, daktari wako hakukuonea. Ikizidi kwenye damu, kuanzia kama miligramu 6.8 kwa desilita kwenda juu, haiyeyuki vizuri tena, inaweza kuganda kuwa vichembe vyenye ncha kama sindano vinaenda kukaa kwenye viungo, na kidole gumba cha mguu ndo kipenzi chao.

Na kwa kweli kwa watu kama wewe mate yana matumaini kuliko kwa mama wa Kibirizi. Kiasi chake kwenye mate hakiko mbali sana na cha kwenye damu, siyo kama sukari inayopotea mara mia, na kikipanda kwenye damu huwa kinapanda na kwenye mate. Halafu ukila embe humwagi yuriki mdomoni. Kile cha San Diego cha 2015 kilitumia kimeng'enya kinaitwa yurikezi, walijaribu mate ya mtu mzima na ya mgonjwa ambaye yuriki yake iko juu na tofauti ikaonekana. Ila mzee nikuambie ukweli ulivyo, dukani hakipo. Endelea na damu, na siku ya kutolewa kunywa maji ya kutosha asubuhi uwe umeotea jua kidogo mikono ipate joto, mishipa inajitokeza.

Ila msione kwamba hili wazo la sensa mdomoni limeanza jana. Uswisi, chuo cha Zurich, miaka ya 60 kulikuwa na watafiti walichomeka sensa ya asidi kwenye meno ya bandia ya watu halafu wakawapa pipi, wanaangalia mdomo unavyochacha. Ndo ikazaliwa ile alama ya pipi rafiki wa meno kule kwao, kwamba ukiila, kwa nusu saa pH ya utando wa meno (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) isishuke chini ya 5.7. Sasa miaka 60 watu wanahangaika na mdomo huu huu, halafu jamaa wa wasap anasema kamaliza yote, sukari, presha, kolestro, kwa laki tatu na nusu na nauli ya basi juu.

Sista wa Zamu

Nimesoma yote, mmeongea sayansi nzuri lakini nyie wanaume mmemruka mama. Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya sukari muda mrefu, naomba niongee na huyu kijana.

Mdogo wangu, hilo daftari ndo hatari kubwa kuliko huyo tapeli. Daktari anaangalia zile 6.2 anasema dawa zinafanya kazi, haongezi wala habadilishi, kumbe mama inawezekana yuko 14 kila siku macho na figo vinaliwa taratibu. Au kinyume chake, yuko chini anatetemeka mwaloni watu wanasema kachoka na jua. Kuliko namba ya uongo ni afadhali kusiwe na namba. Usimgombeze lakini! Wanatunga wengi kuliko mnavyodhani, na mara nyingi siyo ukaidi, ni maumivu na aibu, mtu hataki kuja kliniki na daftari tupu akasemwa mbele za watu. Nimeona wazee wanajaza kwenye foleni palepale nje ya mlango, wameazimana kalamu.

Sasa kuhusu vidole. Muulize anatoboa wapi. Naweka dau anatoboa katikati ya ncha, pale kwenye sugu na ndipo penye hisia kali kuliko pote. Atoboe pembeni mwa ncha, ubavuni, damu iko nyingi na maumivu kidogo, na abadilishe vidole, leo huyu kesho yule, asimuonee mmoja. Kabla ya hapo aoshe mikono na sabuni na maji ya uvuguvugu, siyo kwa ajili ya embe la Tabora tu, lile vuguvugu linaleta damu kwenye vidole. Akaushe kabisa, unyevu unazimua damu. Ashushe mkono chini ya kiti ahesabu mpaka ishirini, asukume taratibu toka kwenye kiganja kuja juu badala ya kuminya ncha yenyewe. Ile kalamu ya kutobolea ina kizungushio chenye namba, kwa mkono wa kazi kama wake huenda iko namba 2 wakati yeye anahitaji 4, na hapo ndo anatoboa mara tatu bila damu. Na sindano mpya kila mara, moja ikitumika mwezi mzima inakuwa butu kama panga la shamba, inachana haitoboi.

Halafu sio lazima apime kila siku asubuhi kama anameza vidonge tu na hali imetulia, hilo akaliongee na daktari wake, kuna wengine wanapangiwa siku chache kwa wiki, saa tofauti. Na kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hospitali ya mkoa wakimpima kinaonyesha wastani wa sukari yake ya miezi hiyo ya nyuma hata daftari likidanganya.

Kama kweli hela ya laki tatu na nusu ipo, kuna zile sensa za kubandika mkononi kwa nyuma, hizo ni za kweli zina vibali, kama FreeStyle Libre, inakaa kama wiki mbili unasoma kwa simu. Ila hazisomi mate wala damu, ina kauzi kembamba kanaingia chini ya ngozi kanapima majimaji ya pale, nako kanachelewa kidogo nyuma ya damu. Na baada ya hizo wiki mbili unanunua nyingine, ndo mahali watu wengi wanaishia.

Mimi ile ya chuchu ya watoto ndo naiombea ifike. Watafiti wa Washington State University 2022 walitengeneza moja inayosoma sodiamu na potasiamu kwa mate ya mtoto mchanga, wakaijaribu kwa watoto wachache hospitalini majibu yakaendana na ya damu. Ukishawahi kushika kisigino cha mtoto njiti wa kilo moja na robo unatafuta tone la damu, anachungulia tu hana hata nguvu ya kulia, utanielewa.

Fundi Rejista

Sista nimekaa chini 🙏 na mimi mama yangu mkwe nakwenda kuangalia ile kalamu yake namba ngapi

Tumbaku Kavu

Mtoto wa Kibirizi umepotelea wapi, umetuma hela nini

Mtoto wa Kibirizi

Samahanini wakuu, umeme ulirudi jana tu, nimesoma uzi wote mara mbili.

Hela sijatuma. Yule jamaa nilimwambia naomba video unaipima ndizi. Akasema mimi sina utani na biashara. Nikamwambia basi ing'ate wewe mwenyewe, kisha unywe soda mbele ya kamera uing'ate tena papo hapo, tuone. Kasoma, tiki mbili za bluu, kimya, baada ya dakika kumi nimetolewa kwenye grupu. Sijui hata admini ni nani yake.

Kuhusu mama. Jana jioni nimeenda kwake Ujiji, nimemkuta ndo anarudi toka mwaloni, nikamchemshia maji nikayaweka kwenye beseni. Akaniuliza ya nini, nikasema ya mikono yako. Akacheka. Ile kalamu sista umepatia, ilikuwa namba 1, tangu dukani haijaguswa, mimi mwenyewe niliyeinunua sikujua kama inazunguka. Nikaiweka 4, sindano mpya, kidole cha pete ubavuni, mkono chini tukahesabu pamoja mpaka ishirini. Tone likatoka lenyewe zuri la duara kabla hata hajakunja uso. Akasema "umeshatoboa?"

12.9.

Tukaangaliana. Nikatafuta maneno ya lile daftari sikuyapata, nikaishia kulisogeza tu mbele yake na kalamu. Kaishika kalamu muda mrefu, akaandika 12.9, vizuri kabisa na tarehe. Halafu bila kuniangalia akasema "kumbe ulikuwa unahesabu stripu."

Jumatatu tunaenda wote kliniki. Sista nitakutafuta inboksi kuhusu hicho kipimo cha miezi mitatu. Na Mzee wa Gungu shikamoo, mama anasema ukiwa na gauti yeye bado anauza dagaa, ila na wewe atakuuzia nusu ndoo tu.